Waya wa Kuanikia Matambara

"Laana gani hii!" Odessa Gatlin alitema mate nje ya kibaraza. Kisu kilikuwa tumboni mwa kambare, matumbo ya samaki yakimning'inia vidoleni, na mle ndani santuri ilikuwa imeanza tena. Gitaa la umeme lililia kama nguruwe anayeburutwa, na kijana fulani wa Kiingereza akalijibu kwa mayowe.

Hakujua kipi kilimtia kinyaa zaidi, utelezi wa samaki au ule muziki. Samaki walau wangekaangwa Jumamosi kanisani, watu wakala.

Asubuhi alimwambia mjukuu wake Verlene bila kupepesa macho: nikiisikia tena, unapanda basi, unarudi Detroit kwa mama yako. Verlene alilia, akaapa, kwani huko Detroit hakukuwa na wa kumtazama. Begi likafungwa, likawekwa mlangoni kama onyo. Na bado! Sikio la kufa halisikii dawa.

Odessa akaingia na mikono yake vilevile, damu na utelezi mpaka viwikoni.

"We mtoto, hayo ni masikio au mapambo?"

"Mara ya mwisho, Bibi. Najua utanifukuza, basi niache niisikie."

"Muziki wa shetani nyumbani kwangu! Huu ndio uliomuua baba yangu. Alichomwa kisu dansini, gitaa liko mapajani. Unataka na wewe nikuzike?"

Akanyoosha mkono aiondoe sindano kwenye santuri, mkono ukabaki hewani. Gitaa lilikuwa linashuka polepole, kama mlevi anayeteremka ngazi gizani, kisha likapanda mbio. Odessa aliijua ngazi ile.

"Hawa watoto wa Kizungu wamefundishwa na nani?"

"Redioni walisema wamemwiga mzee mmoja wa Chicago. Naye ngoma hiyo aliipata huku kwetu Mississippi, utotoni, kwa mtu aliyekuwa akipiga waya ukutani. Jina lake amelisahau."

"Amelisahau!" Odessa akasonya. "Mchana kutwa alikuwa kibarazani kwetu akimtazama baba, anakula mikate yetu, leo amelisahau! Na hawa nao wameiharibu. Haraka ya nini? Pale mtu anangoja. Anangoja mpaka unadhani hatarudi tena, ndipo anarudi. Ptuu! Wezi, na hata kuiba hawajui."

Verlene alikuwa amemkodolea macho. "Bibi... ni ule waya wa matambara?"

Nje, kando ya mlango wa nyuma, waya uliotolewa kwenye ufagio, ambao baba aliupiga kama gitaa, ulikuwa umepigiliwa ukutani, msumari huku na msumari kule, na chupa imebanwa chini yake kuukaza. Wiki aliyozikwa baba, mama aliutundikia matambara ya jikoni ili usilie tena. Odessa akaendelea kuyatundika, miaka na miaka, matambara yananuka, maji machafu yanatiririka ubaoni. Lakini kila ulipolegea aliukaza. Kwa ajili ya matambara, ndivyo alivyosema.

"Zima hilo likelele," alisema hatimaye. "Na hilo begi lirudishe chumbani, linanizibia njia."

"Bibi, kwa hiyo...?"

"Kwa hiyo nini? Lirudishe!"

Akatoka. Akayavuta matambara moja baada ya jingine, akayatupa juu ya uzio huku amekunja pua. Waya ulibaki mtupu, mwekundu kwa kutu. Akajinusa mikono. Ilinuka vibaya, akaifuta kwenye aproni, ikaendelea kunuka. Basi akaokota kichupa cha siki chini ya benchi, akakilaza juu ya waya, akaupiga kwa kidole chenye magamba ya samaki.

Ukuta mzima ukanguruma. Ndani, hatua za Verlene zikasimama.

Odessa akakiteremsha kichupa, polepole, hadi kwenye ngazi ya mwisho. Akangoja.