Ubwiriunga wa Shemeji Lameck

Haya nimeyapata kwa wifi yangu Ethel, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, tulipokuwa tunapukuchua mbaazi kwangu hapa Mkomaindo. Ethel anakaa Mnyambe, kule Newala, ukuta kwa ukuta na Selestina, na alikuwepo mwanzo mpaka mwisho.

Selestina ni mjane. Ana mikorosho kumi na minne na mmea mmoja usiozidi ukubwa wa yai la bata. Mmea wenyewe uko kwenye dumu la mafuta lililokatwa nusu, wa mviringo, una mifereji kama boga na miiba ya manjano. Mjukuu wake Witness aliutoa chuo cha kilimo miaka minne iliyopita, akamwambia, "Bibi, hili ni dungusi la Amerika ya Kusini. Yako mengi yanafanana, hata mwalimu wetu hajui hili ni lipi. Likitoa ua ndipo tutajua jina lake. Nitunzie."

Selestina akakubali, na yeye akikubali amekubali. Chini mkaa kidogo, juu kokoto na mchanga wa bondeni. Maji kijiko kimoja kila Jumamosi, na miezi ya baridi hata kijiko hakuna. Watu walimcheka. Mungu ameumba mmea mmoja unaoifaa Newala na shida yake ya maji, na sisi tunaucheka.

Aliyecheka kuliko wote ni Lameck, mdogo wa marehemu mumewe. Lameck aliwahi kwenda semina ya korosho ya siku tatu, na siku ya tatu ilikuwa ya kugawa kofia. Tangu hapo anaitwa Mtaalamu, kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe mpaka watu wakachoka kubisha.

Mwaka ule wa kwanza alisema ni mnyaa. "Shemeji, maziwa ya mnyaa yanapofua macho. Tupa."

Selestina akachukua sindano, akaudunga mbele yake. Kikatoka kitone cha maji.

"Mnyaa gani hauna maziwa?"

"Huu bado mchanga," Lameck akasema. "Maziwa hayajaingia."

Miaka minne mtu mzima anasubiri maziwa yaingie.

Basi mwezi wa nane mwaka huu, utosini pa dungusi pakaota manyoya meupe. Lameck akapita akitoka kupulizia mikorosho salfa, nguo zote vumbi la manjano, kofia ya semina kichwani. Akainama.

"Ubwiriunga," akasema.

Litamke neno hilo Newala mbele ya mwenye mikorosho, uone. Ugonjwa huo ukishika maua ya mkorosho, mwaka wako umekwenda. Selestina akalitazama dumu, akaitazama mikorosho yake iliyoanza kutoa maua, hatua ishirini tu pale.

"Nakwangua manyoya hayo kwa wembe, halafu napiga salfa," Lameck akasema. "Ukikataa, kijiji kizima kitajua maradhi yametoka kwako."

"Na kama ni ua?"

"Ua gani lina ndevu, shemeji?"

"Hata wewe unazo, na tulidhani utakuwa mtu."

Lakini roho ya Selestina ilikuwa juu. Ubwiriunga anaujua tangu msichana: ukiupitishia kidole, unabaki kidoleni kama unga wa muhogo. Akamwambia, "Mtaalamu, pitisha kidole hapo."

Akapitisha. Kidole kikatoka na damu tu, maana miiba haijui nani ana kofia.

"Unga uko wapi?"

"Umeingia ndani," Lameck akasema huku ananyonya kidole. "Kesho naleta wembe na mashine ya salfa."

Selestina akampigia simu Witness. "Bibi, usimruhusu aguse," Witness akasema. "Hayo manyoya ndiyo yanafunika ua. Likiwa tayari litafunguka mchana, jua likiwa kali."

Asubuhi Selestina akaona ncha ya manjano inachungulia kwenye manyoya. Saa nne Lameck akafika, mashine mgongoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kula kwanza. Daktari hapasui mtu na njaa."

Akampa ming'oko, vile viazi vya porini, kisha ugali wa muhogo na kisamvu, kisha akamwongezea. Saa sita Mtaalamu alikuwa amelala kivulini, kichwa juu ya mashine, mdomo wazi.

Saa saba ua likafunguka, la manjano, linang'aa kama hariri, kubwa kuliko mmea wenyewe. Ethel akalipiga picha, akamtumia Witness. Simu ikaita.

"Bibi, katikati kuna kijiti? Cha rangi gani?"

"Chekundu kama pilipili."

"Basi ni parodia. Kwao ni Brazili na Urugwai. Manyoya yale, ua la manjano, kijiti chekundu, ndiyo yenyewe."

Selestina akalirudia jina mara tatu, akaliandika kwa mkaa ubavuni pa dumu.

Simu ilikuwa imemwamsha Lameck. Akaliinamia ua. Ethel akadhani ataomba radhi. Akalikung'uta shati, vumbi la manjano likaruka.

"Salfa hiyo," akasema. "Nimelala karibu tu, umepona. Ningekwangua ungetoa maua mawili."

Ethel akafungua mdomo, Selestina akamshika mkono. Lameck akajitwisha mashine, akaenda zake. Mpaka leo anawaeleza watu alivyotibu dungusi, na wapo wanaoitikia. Kazi pekee ya maana aliyowahi kuifanya mtu huyu, kaifanya usingizini.

Selestina akaliingiza dumu ndani, akaliweka dirishani penye jua, akatia komeo mlangoni kwa nje. Usiku uliopita hakupata usingizi kwa sababu ya wembe wa mtu. Akajinyoosha mkekani barazani, akajifunika kanga usoni kuzuia inzi, na Ethel anasema hakuwa hata amefika kwake alipomsikia anakoroma.