Upanga wa Wakili Rechsteiner

Hapana bwana, kura hazikumwangusha. Soseji ndizo zilizomwangusha, na Wakili Jost Rechsteiner mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, akicheka mpaka kitambi kinatikisika.

Miaka ishirini aliutafuta ukuu wa jimbo. Alisimamia kesi za ng'ombe, za mipaka, za kila kitu, akaingia barazani, akatunga sheria. Mwaka ule, Jumapili ya kura, kila mtu alijua zamu ni yake. Si unajua kwetu kura ni mkono juu, uwanjani, na asiye na upanga kiunoni haingii kwenye duara? Jost alikuwa keshaona haitoshi, akaongeza lake: upanga wa kuazima hauhesabiwi, na aliye nje ya duara hachaguliwi. Mwaka wa nyuma akamtoa Hansueli Mettler, mtengeneza jibini, eti kaja na upanga wa shemeji yake.

Sasa asubuhi ile akajifunga mkanda wa upanga, akavaa koti juu, macho yote kwenye hotuba. Njia nzima anaisoma. Hata salamu za watu alizijibu kwa vipande vya hotuba.

Kufika langoni, nani kawekwa kusimamia? Hansueli.

"Fungua koti, mheshimiwa. Sheria yako hii."

Akafungua. Ala ipo, upanga hamna.

Watu watatu wakamnyooshea panga zao aazime. Mkono ukamwasha kupokea. Lakini sheria kaiandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Akasimama nje na wanawake, enzi hizo hawana kura, na wauza mikate, akaona mikono ikipanda kumchagua mtu mwingine.

Nyumbani mkewe, Seline, kaandaa meza ya watu kumi na wawili kusherehekea ushindi. Jost akauliza upanga uko wapi. Seline akaonyesha dohani. Tangu walipochinja nguruwe, upanga ulikuwa kule juu umebeba soseji, zinakaushwa kwa moshi.

"Nilikuuliza, mume wangu. Ukasema chukua, ukaendelea kuandika."

Jost akajiinamia kidogo, kisha kicheko kikamponyoka. Akaushusha mweusi kwa masizi, akaufuta, akaanza kukatia soseji. Wageni wakaingia, Hansueli wa mwisho, jibini kwapani, hajui atazame wapi. Akauona upanga.

"Huo wako, wakili, au wa kuazima?"

"Wa mke wangu," Jost akasema. "Kaa, tule."

Wakaketi wote, wakala.