Ukungu wa Gunia la Dada Yangu

Mimi shule nilifika darasa la pili tu, lakini miaka kumi na moja nilikuwa naosha vyombo kwa maabara moja ya mambo ya mimea, huko upande wa Kabete, kwa hivyo ukungu naujua. Kuna wa pinki, kuna mweusi, kuna wa manjano kama kiini cha yai. Wacha, naenda mbali.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, tunakaa Makadara. Dada yangu alitutumia gunia la mahindi kutoka Ukambani, likanyeshewa njiani, likashika ukungu wa kijani. Mke wangu Nthoki hakushtuka. Sisi Wakamba tunakula muthokoi, yaani mahindi yanatwangwa kwa kinu mpaka ganda litoke, halafu yanapikwa na maharagwe. Ganda likatoka na kijani yake, mahindi yakabaki meupe kama meno. Akampikia msichana wetu Kavutha, aliyekuwa na mtoto wa siku tisa, ili maziwa yaje. Kavutha akala siku mbili.

Mimi nilikuwa natoka asubuhi mapema, hilo gunia sikuliona. Siku ya tatu nikachelewa kutoka, nikamkuta Nthoki anapepeta maganda ya kijani kwa ungo. Nikamshika mkono asiendelee.

Unajua kazini kulikuwa na daktari mmoja, Koki, msichana wa kwetu Kangundo. Siku moja alipanda ukungu wa kijani kwa kisahani, na katikati kukatokea kipande cheupe kabisa. Nikamwambia huo umeokoka. Alicheka huyo msichana! Akanieleza kwamba huo mweupe ni mtoto wa ule wa kijani, rangi imempotea lakini sumu ya mzazi amerithi. Rangi inarithiwa kivyake, sumu kivyake.

Sasa nikamwambia Nthoki, "Mama Kavutha, usimpe tena."

"Kwani nini? Si kijani yote nimetoa?"

"Kijani si sumu. Sumu haionekani."

Akakaa chini na ungo wake. Kavutha alikuwa ndani ananyonyesha, tukamsikia akimwimbia mtoto. Hatukumwambia kitu.

Nikafunga mahindi kwa leso, mengine na ganda lake, nikaenda nayo kazini. Koki hakuniuliza maswali mengi. Akayasaga, akayatia dawa, akasema nirudi saa nane. Ile sumu ikiwekwa chini ya taa yake ya zambarau inawaka buluu. Mimi nikaosha chupa moja mara nne, sijui hata ilikuwa chafu.

Saa nane akaniita kwa chumba chenye giza. Nikatazama, nikatazama tena. Hakukuwaka kitu.

"Mzee Nyamai, huu ukungu una rangi ya ukoo wake tu," akasema. "Sumu haukurithi. Lakini hilo gunia tupa, na usinitese hivi tena. Lingine linaweza kuwa nayo."

Nilifika Makadara jioni, shati limelowa jasho. Nthoki alikuwa amegeuza kinu chini juu, amekikalia, mjukuu mapajani. Nikamwambia sumu haikupatikana, lakini gunia tulitupe. Aliniwekea mtoto mikononi, akaenda dukani kununua mchele, na kutoka mlangoni nikamsikia akisalimia kila jirani kwa jina.