Kona ya Salfa

Katika Makote yote, kijiji cha mlimani Newala, hapakuwa na mwanamke mwenye ufagio mkali kama Ethel, mke wa Mwalimu Reginald. Jua lilipochomoza lilikuta uwanja umekwisha fagiwa mpaka mpakani kwa jirani, na siku nyingine mpaka kwa jirani mwenyewe, bila kuombwa. Alifagia jiko, alifagia chini ya mikorosho, alifagia vyumba vya watu na wenyewe bado wamelala. Wakwe zake walimsifu. Waliokuwa wakiishi naye ndani walikuwa na maoni yao, lakini nani angethubutu kumwambia?

Banda la sungura nalo lilikuwa na zamu yake. Sungura mwenyewe, jike, aliitwa Salfa kwa ile rangi yake ya manjano iliyofifia, mfano wa dawa ya unga wanayopulizia mikorosho. Alikuwa mali ya Stella, binti yao wa pekee, aliyesoma shule ya bweni huko Masasi. Likizo ya Juni shangazi yake Isabela wa Chidya alimpa kile kisungura, kidogo hata kikaenea kiganjani. Reginald akakipigilia banda kwa mbao za makasha ya sabuni za nje. Biashara ilikuwa imeachiwa watu binafsi, maduka ya Newala yalijaa vitu ambavyo zamani walivisikia tu, na makasha matupu yalizagaa kila kichochoro.

Likizo ile iliisha vibaya. Ethel aliingia chumbani kwa Stella na ufagio wake kama kawaida, akainua godoro, akakuta rundo la makaratasi. Akayaona takataka, akayachoma pamoja na majani ya uwanjani. Kumbe zilikuwa barua za marafiki na daftari la nyimbo alizotunga mtoto mwenyewe. Stella hakulia wala hakugomba. Alinyamaza siku nne nzima mpaka akapanda gari la Masasi. Oktoba ikaja barua fupi: Krismasi angependa kukaa Chidya kwa shangazi. Ila Jumamosi ya kufunga shule angepita nyumbani kumwona Salfa, na akimkuta mzima, huenda akabaki.

Ethel aliisoma mara mbili akaelewa. Mwanawe alikuwa anarudi kwa ajili ya sungura, si kwa ajili ya mama. Lilimchoma, lakini alilimeza. Alichoomba ni sungura asipatwe na jambo.

Na jambo likampata. Novemba, Salfa aliyezoea kulala mapajani akageuka mtu mwingine. Ethel akitia mkono bandani, anaunguruma. Akisogeza bakuli, anaupiga mkono kwa miguu ya mbele kama anayetwanga. Alikojoa pembe zote nne za banda, tena kwa makusudi, huku anamtazama mwenye nyumba usoni.

Reginald alisema ni ulevi. Ulikuwa msimu wa korosho, na sungura alikuwa akipewa mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyodondoka. Mabibo yakilala yanachacha, na yakichacha ni pombe, hilo kila mtu wa huku analijua. Basi Salfa akaachishwa pombe. Wiki nzima alikula majani ya matembele tu, na ukali ukazidi.

Ethel naye akafanya alilolijua yeye: akaongeza usafi. Alfajiri alimsukuma Salfa pembeni kwa mkono mmoja, kwa mwingine akalifagia banda lote, kisha akalisugua kwa majivu, kwa kuwa maji ya kuoshea mabanda hayapatikani juu ya mlima huu. Jumatatu moja alikuta sungura amekusanya majani makavu kwenye kona moja, akajinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika juu yake. Ethel akasikitika kuona uchafu kiasi kile, akauzoa wote. Hapo Salfa alimrukia akamng'ata kidole mpaka damu ikachuruzika.

Reginald alifunga kidole cha mkewe, akatamka hukumu. Sungura asipotulia kufikia Jumamosi, siku ile ya Stella kufika, ataliwa na wali. Jioni ile alikaa ukumbini akinoa kisu huku anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, na Ethel hakuupenda mluzi ule hata kidogo. Hakuona atamwambia nini Stella.

Kesho yake Bi Pili wa nyumba ya pili alikuja kuomba kaa la moto. Alikuwa mama wa makamo aliyewafunda wasichana wengi wa Makote wakati wa unyago. Ethel akamwamkia shikamoo, na kabla marahaba haijaisha yule mama alikwisha kiona kidole. Akaelezwa yote, toka mabibo hadi manyoya. Akachungulia banda, akauliza sungura ana umri gani. Miezi saba, Ethel akajibu.

Bi Pili akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Stella, huyu kavunja ungo," alisema. "Anajiandalia kiota, hata bila dume. Mnamsingizia pombe bure. Hebu niambie, wewe ulipokuwa mwali, umewekwa ndani, nani aliingia kwako na ufagio?"

Ethel akakumbuka. Hata unyago wao, ule uliosimamiwa na kanisa, ulikuwa na adabu hiyo. Mtu alisimama mlangoni, akabisha, akangoja. Chakula kiliwekwa kizingitini.

"Hakuna," alisema.

"Basi mfungulie mlango, kaa mbali. Atoke kwa hiari yake. Akishatoka ndipo ufagie, na ile kona yake mwachie."

Kutoka kwa hiari kulikuwa rahisi, kumbe. Siku ya kwanza Salfa alitoa pua tu. Siku ya pili alizunguka uwanja, akasugua kidevu kwenye kinu, kwenye kigoda, kwenye mpini wa ufagio, kama anayeandika jina lake. Iliyomshinda Ethel ilikuwa kona, ambayo Salfa alikwisha kuijaza majani na manyoya upya. Ile takataka ilimwita. Mara mbili aliunyoosha ufagio, mara mbili akaurudisha. Ijumaa alikaa chini, mikono mapajani, na Salfa akamjia mwenyewe, akasugua kidevu kwenye kidole chake chenye kitambaa. Ethel alilia kidogo kwa furaha, kisha akaenda kumnyang'anya Reginald kisu akakatie mboga.

Jumamosi Stella alifika, amerefuka, kimya vilevile. Alikwenda moja kwa moja bandani. Salfa akatoka, akamzunguka miguuni, akalala pembeni yake. Stella alikaa naye muda mrefu, na jioni akaingiza begi lake chumbani. Hakusema kama atabaki, wala Ethel hakuuliza.

Alfajiri Ethel aliamka, akafagia uwanja, akafagia jiko, akajikuta mbele ya pazia la chumba cha binti yake, ufagio mkononi. Mguu mmoja ulikwisha inuka. Akaurudisha.

"Hodi," alisema.

Ndani kitanda kikalia. Ethel akangoja, na hakumbuki kungoja kitu chochote kwa hofu kama ile.

"Mama? Tangu lini unapiga hodi?"

"Tangu Salfa aniume."

Stella akacheka, kicheko kilekile cha utotoni kinachoishia puani, na Ethel akahisi mabega yake yanashuka, ambayo tangu Juni hayakuwa yameshuka. Pazia likafunuliwa. Stella aliunyoosha mkono akauchukua ufagio.

"Nitafagia mwenyewe," alisema. "Lakini siku zote za likizo, kona ya dirishani usiiguse."

"Siigusi," Ethel akasema, na akaenda kubandika chai ya watu watatu.