Senge Huingia Saa Kumi na Mbili

Jumatatu ambayo likizo yake ya uzazi ilikwisha, Nanyama aliamka saa kumi alfajiri, akachemsha chupa tatu, akajikamua maziwa ya kumtosha mtoto mchana kutwa, akayafunika kwa sahani ndani ya beseni la maji baridi. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda akimngoja msichana wa kazi. Badala ya kuja, msichana alituma ujumbe: alikuwa amepata kazi ya hoteli Eldoret, na Mungu ambariki dada. Joy, mwenye miezi mitatu, alikuwa akilia. Alikuwa amelia kila siku tangu azaliwe, kilio kimoja kisichopanda wala kushuka, na majirani wa ploti ile ya Kibomet walikuwa wameshazoea kuzungumza kwa sauti ya juu kidogo.

Saa kumi na mbili kamili mlango ulibishwa. Nanyama alifungua, akamkuta shangazi yake Nabwile kwenye kibaraza, amevaa gauni la manjano alilozikwa nalo miaka miwili iliyopita. Kwao Tongaren shangazi huitwa senge, na Nanyama hakuwahi kumwita kwa jina lingine.

"Hapa mko na maji?" Senge aliuliza. "Niko na matope kwa miguu."

Nanyama alimwonyesha mfereji wa nyuma na kumweleza kwamba hukatika saa mbili, kwa hiyo nepi zifuliwe mapema. Senge alinawa miguu, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaingia, akampokea mtoto. Joy akanyamaza. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba jirani wa chumba cha pili alitoka nje kuangalia kama kuna jambo.

"Enda kazi," Senge alisema. "Utachelewa."

Nanyama alikuwa keshia katika duka moja kubwa mjini Kitale. Meneja wao, Kipketer, alikuwa amewatangazia kwamba atakayechelewa mara tatu asijisumbue kuja mara ya nne. Mumewe, Makokha, aliendesha lori la mahindi na alionekana nyumbani Jumapili, akiwa amelala. Nanyama alichukua mkoba wake, akaenda.

Aliporudi saa kumi na moja jioni, alikuta nepi kumi na moja zimeanikwa ncha kwa ncha, chupa zimepinduliwa juu ya kitambaa safi, sakafu imepigwa deki, na Joy amelala huku tumbo limejaa. Vidole vya mtoto vilikuwa baridi kidogo. Pale Senge alipokuwa ameketi palibaki udongo mwekundu, kama wa kujaza kijiko. Nanyama aliufagia akautupa nje.

"Sasa jina," Senge alisema, akijifunga kitambaa cha kichwa.

Hakuhitaji kufafanua. Katika ukoo wao, mtoto anayelia bila ugonjwa huwa ana marehemu anayemtaka. Watu wazima huketi wakataja majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina lenyewe likifikiwa mtoto hunyamaza, akapewa jina hilo, na marehemu akapumzika. Mama mkwe wa Nanyama, aliyekuwa Kimilili, alikuwa amefanya kazi hiyo kwa simu, spika ikiwa imewashwa juu ya mto. Alitaja wafu wote wa upande wa Makokha, akapumzika, akanywa maji, akataja wa upande wa Nanyama. Joy aliwalilia wote. Hakuna aliyemtaja Nabwile. Nabwile alikufa bila mume wala mtoto, akazikwa nje ya ua, karibu na choo cha zamani, na huko hakuna aliyewahi kwenda kutafuta jina.

Mchana huo Nanyama alikuwa amempigia mama mkwe wakati wa chakula na kumweleza nani amekuja.

"Aa, kumbe ni huyo wa kwenu," mama mkwe alisema. "Mpe jina jioni. Akishapata atalala, hutamwona tena."

Ndivyo Nanyama alivyokuwa ameazimia kufanya. Alikuwa hata amefungua mdomo. Lakini macho yake yalipita kwenye nepi, yakapita kwenye chupa, yakafika kwa mtoto. Akakumbuka ile nyumba ya kulelea watoto kule Tuwan alikompeleka Joy wiki iliyotangulia, kwa majaribio. Watoto thelathini walikuwa wamelala juu ya mkeka mmoja saa nne asubuhi, wote wamegeukia upande mmoja, wote wakinukia dawa ya kikohozi. Joy alikaa kule saa tatu tu, akalala mpaka kesho yake. Hutamwona tena, mama mkwe alikuwa amesema.

"Kesho, Senge," Nanyama alisema. "Leo nimechoka."

Senge aliitikia kwa kichwa. Yeye na neno hilo walikuwa wanajuana.

Alikuwa na miaka kumi na minne alipoletwa Kitale, darasa la saba likiwa halijaisha, ili amsaidie kaka yake, mwalimu Mukhwana, kumshika mtoto wa kwanza. Mtoto huyo alikuwa Nanyama. Angerudi shule mwaka uliofuata, Nanyama akiacha kunyonya. Mwaka uliofuata kukawa na mtoto mwingine. Wakawa wanne, na ikawa miaka kumi na tisa. Seremala mmoja wa Ndalu alikuja kumposa mara mbili, mara ya pili akiwa amebeba kiti alichokitengeneza mwenyewe. Mukhwana alimwomba angoje kidogo, mpaka yule wa mwisho aingie sekondari. Kiti kiko kwa Mukhwana mpaka leo, ni kizuri. Yule wa mwisho alipoingia sekondari, Senge alipelekwa Tongaren kumtunza mama yao mzee, na baada ya kumzika mama akaugua kifua, akafa. Siku ya mazishi yake Mukhwana alichukua maikrofoni, akamwomba msamaha marehemu mbele ya watu mia tatu, akalia, watu wakalia. Kisha wakambeba wakampitisha nyuma ya ua. Nanyama ndiye aliyelia kuliko wote. Jioni hiyo hiyo alirudi Kitale kwa sababu alikuwa na zamu.

Basi Senge akawa anakuja kila siku isipokuwa Jumapili. Alitembea kutoka Tongaren, akipita Ndalu na Kiminini, na jioni akarudi kwa njia hiyo hiyo. Siku moja mwendesha bodaboda alimhurumia akambeba, lakini pikipiki ilizima kila baada ya hatua chache, wakakubaliana ashuke.

Thuo, mtunza ploti, alimsimamisha Nanyama karibu na tangi.

"Huyo mgeni wako ni wa kukaa, ama ni wa kuja na kurudi?"

"Anarudi kila jioni."

"Basi hakuna neno. Akilala hapa nitamhesabu kwa maji."

Kliniki nako hakukuwa na shida. Muuguzi, jina lake Chelagat, alikubali Senge amlete mtoto kwenye chanjo, ila akahitaji kuandika namba ya kitambulisho cha mlezi. Senge alimweleza kwamba kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipokufa. Chelagat akaandika "marehemu", akampima Joy, akasema uzito ni mzuri na anayemlisha apewe pongezi. Mikono tu ndiyo ilikuwa baridi, avalishwe soksi za mikono. Kisha akaonyesha kwa kalamu mstari uliokuwa wazi baada ya neno Joy.

"Jina la pili?"

"Bado," Senge alijibu. "Mama yake amesema kesho."

Kila jioni aliuliza na kila jioni Nanyama alijibu kesho. Mara alikuwa amechoka, mara stima zilikuwa zimepotea, mara Makokha hayuko na jambo kama hilo linataka baba awepo. Makokha alipokuwepo ilikuwa Jumapili, na Jumapili Senge haji. Baada ya muda Nanyama aliacha kutoa sababu na Senge hakuzidai.

Ni miguu ya Senge iliyoanza kuonyesha safari hizo. Aprili nyayo za Senge zilikuwa zimelika zikawa bapa kama sabuni iliyobaki. Julai, mvua zikiwa nyingi na barabara ya Ndalu ikiwa tope tupu, vidole vikaisha, na alipokuwa akisimama kwenye beseni kumwogesha Joy alilazimika kushikilia ukuta. Hakulalamika. Nanyama alimnunulia gambuti nyeusi, za mtoto wa shule kwa sababu za mtu mzima zilimpwaya, akazijaza matambara kwa ndani. Senge alizivaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akasema zinashika.

Joy alikuwa mtoto mzuri. Halii, majirani walisema. Hata akianguka halii. Huketi alipowekwa, akatazama mlango, na ukimfungua ngumi utakuta chembe za udongo mwekundu kwenye mikunjo ya kiganja. Nanyama alizisugua kwa kitambaa cha moto kila usiku na asubuhi zilikuwepo.

Septemba baba yake Nanyama alikuja. Mwalimu Mukhwana alikuwa amestaafu na kurudi Tongaren, na alikuja na ndizi mbichi na nusu debe la maharagwe. Aliketi, akasubiri chai ije, akaanza.

"Watu wanamwona alfajiri akipita. Kina mama wa kanisa wameniuliza kama hatukumzika vizuri."

"Na mlimzika vizuri, Papa?"

Mukhwana alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Kaburi limedidimia," alisema. "Ukisimama pale unaona kabisa hakuna mtu. Mpe jina, Nanyama. Dada yangu apumzike."

"Na Jumatatu nani atamshika mtoto?"

Hilo alikuwa amelifikiria. Alijisogeza mbele, kama mtu aliyekuja na jibu.

"Kuna msichana wa Wanjala, jirani yetu pale. Ako na miaka kumi na minne. Ametulia, hana maneno mengi. Na masomo si ati anayaweza sana. Unamchukua mwaka mmoja tu, halafu anarudi shule."

Nyuma, ambako Senge alikuwa akiosha chupa, sauti ya maji ilikatika. Ilikaa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kwa mwenye kuvuta. Kisha ikaendelea.

"Huyo wa kwanza pia mlisema mwaka mmoja," Nanyama alisema.

"Hiyo ilikuwa zamani, bana. Siku hizi watu wameerevuka."

"Huyo wa Wanjala simchukui. Amalize shule. Senge ameshakufa, hakuna mtu atamharibia kitu tena."

Mukhwana akamaliza chai. Kabla ya kuondoka alipita nyuma kumsalimu dada yake. Senge alimuuliza kama amekula. Alisema amekula. Alitazama chini, akatafuta neno la kusema, akasema gambuti zimemkaa vizuri. Halafu aliwahi gari kabla mvua haijashika.

Mpaka Novemba Senge alikuwa amelika hadi magotini. Gambuti zilimfika mapajani na alitembea kwa kuyumba, kama mtu anayevuka mto ulio na nguvu. Sasa alihitaji kuondoka Tongaren mapema zaidi. Nanyama hakumuuliza saa ngapi.

Alhamisi moja Nanyama alirudi na kukuta kila kitu kama kawaida: nepi, chupa, sakafu. Joy alikuwa amesimama wima, ameshikilia gambuti moja. Senge alijifunga kitambaa cha kichwa, akageuka kumuaga mtoto, na kabla hajasema lolote Joy aliinua mkono wake mdogo wenye udongo.

"Kesho," Joy alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Alilitamka sawasawa, kwa sauti ya mama yake, na ule uchovu wa mama yake ukiwemo ndani.

"Ameanza kuongea," Senge alisema. Alionekana amefurahi, alikuwa ameona watoto wanne kabla ya huyu wakianza kuongea, na wa kwanza wao alikuwa amesimama pale mlangoni na mkoba begani. "Sasa jina."

Kijitabu cha kliniki kilikuwa juu ya meza, kalamu ndani yake. Nanyama alikifungua ukurasa wa kwanza, akautazama ule mstari. Ulikuwa mrefu wa kutosha herufi saba. Aliishika kalamu kwa muda, mpaka ikapata joto. Akafikiria Jumatatu, na Jumatatu nyingine baada ya hiyo. Akamfikiria msichana wa Wanjala akishuka stendi ya Kitale na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Akairudisha kalamu, akakifunga kijitabu, akakiweka juu ya kabati ambako mtoto hafiki, na Senge naye sasa hafiki.

"Sikupi," alisema. "Sitasema kesho tena, mtoto anajifunza. Sikupi mpaka aingie shule."

Senge alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia tena barua aliyosomewa zamani.

"Hata baba yako aliniambia pole," alisema.

Nanyama alimchukua Joy mikononi mwake. Mtoto alikuwa baridi, mtulivu, mzito kidogo kuliko jana.

"Kesho ni zamu ya mapema, Senge, kwa hivyo uje saa kumi na moja," alisema. "Papa alikuomba msamaha kwa maikrofoni, halafu akakuzika karibu na choo. Mimi siombi."