Nani Anamlaza Askari?

Asubuhi hiyo Fundi alipowasha kompyuta kuu ya zahanati na kukuta askari amelala tena, alitamani kuipiga ngumi. Askari huyo hakuwa mtu. Ni jina waliloipa, yeye na wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ile programu ya ulinzi inayokaa ndani ya kompyuta na kuamua nani aguse faili gani. Askari akiwa macho, faili za wagonjwa huonwa na daktari wao tu. Akilala, hata karani wa mapokezi anaweza kusoma nani anaumwa nini, na kinywa, kama tujuavyo, ni jumba la maneno.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Kila mara Fundi alimwamsha, akaenda nyumbani ameridhika, na baada ya siku chache akamkuta amelala fofofo. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kina feni inayogeuza shingo na kukwama upande wa ukutani, na funguo walikuwa nazo watu wawili: Fundi, na wifi yake huyo, ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hapo. Meza yao moja, na chai walikunywa kikombe kimoja cha bati kilichobanduka rangi, huyu akipiga funda anampa mwenzake.

"Wifi, umemgusa askari?"

"Sijamgusa."

"Na ile siku printa ilipogoma? Si ulimzima?"

"Nilimzima, nikakuambia siku ile ile. Leo sijagusa kitu, wifi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi alishauona ung'ongo, na hakutaka kuutazama mara ya pili. Daktari mkuu alipoingia amekunja uso, kuuliza kwa nini faili za wagonjwa zinasomeka hadi mapokezi, alitaka mtu, si maelezo. Fundi akampa mtu. "Ni wifi yangu," alisema. "Bado anajifunza." Hilo la kujifunza alilitia kama sukari kwenye shubiri. Binti wa watu akaambiwa akabidhi funguo, akae nyumbani kwa mama yake mpaka aitwe. Aliondoka, kikombe cha bati akakiacha mezani.

Ungedhani sasa askari atakesha. Fundi alibadilisha nywila, akatia funguo zote mfukoni, akarudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya kidogo kidogo tangu mwezi uliopita, kutengeneza diski za mfumo mpya kwa ajili ya kompyuta za wodini. Kazi hiyo hufanywa na kisakinishi, programu inayoujenga mfumo mzima ndani ya folda moja ya kompyuta kuu, kama mtu anayejenga kibanda ndani ya ua wa mwenzake. Akakiwasha, akanywa chai peke yake, diski ikatoka safi. Kisha, kwa mazoea tu, akamchungulia askari. Amelala.

Fundi aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga ni yeye.

Alimwamsha askari, akakaa mikono mapajani bila kugusa kitu. Askari macho. Akawasha kisakinishi, na kibanda kilipoanza kusimama tu, askari akalala mbele ya macho yake. Akarudia. Vilevile. Hasira zilimpanda, na ubaya wake hazikuwa na mtu wa kumshukia. Kisakinishi hakikuwa na nia mbaya. Kinapojenga mfumo mpya huagiza ulinzi wake ulegezwe, kazi isikwame. Lakini kibanda na nyumba vina askari mmoja, kwa hiyo amri ya kibandani ilimlaza askari wa nyumba nzima, na kazi ikiisha hakuna anayemwamsha. Waliokiandika, huko waliko, hata hawakuliwaza hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Na aliyemkaribisha, kila mara, alikuwa Fundi mwenyewe.

"Kumbe ni programu," alisema daktari mkuu alipoelezwa, bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Basi mwambie arudi Jumatatu."

Kwake yaliishia hapo. Wakubwa bwana, mambo yao mepesi.

Nyumbani kwa mama mkwe Fundi alizoea kupita mlango wa jikoni bila hodi, akifunua sufuria kabla hajasalimia. Jioni hiyo miguu ilimpeleka mlango wa mbele, akabisha. Wifi ndiye aliyefungua.

"Karibu."

Fundi alisema yote akiwa bado amesimama. "Wifi, hukuwa wewe. Nilikuwa mimi, na zile diski zangu. Nimeshamwambia daktari. Nimekukosea, nisamehe."

"Umejuaje?"

"Nimeijaribu kompyuta. Nimerudia na kurudia, mpaka nikahakikisha."

"Kompyuta uliijaribu," wifi alisema taratibu. Halafu akamwonyesha kiti. "Jumatatu nitakuja. Kazi haijanikosea kitu. Kaa."

Hakwenda jikoni moja kwa moja. Alifungua kabati la pale sebuleni, lile la vyombo vya wageni, ambalo tangu Fundi aolewe halikuwahi kufunguliwa kwa ajili yake. Akatoa glasi, akaenda nayo ndani, akarudi na sinia iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, glasi ya maji katikati. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema asante.