Watu Hawahitaji Kibali

Mtoto wa mgomba hang'olewi kwa pupa. Dorkasi alilipitisha jembe kwa kumzunguka, akachimba mpaka shina likaonekana, kisha akamkata kwa panga pale alipoungana na mama yake. Akampogoa majani, akafuta udongo kwa kiganja, akamlaza juu ya gunia pamoja na wenzake. Umande ulikuwa haujakauka bado, na ukungu wa Irente ulikuwa umeifunika nchi ya chini yote, kiasi kwamba mtu angedhani mlima unaishia mawinguni.

Mumewe, Timotheo, alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amejifunika blanketi, akikohoa na kuelekeza kwa fimbo.

"Yule mtoto wa ndizi mshare nyuma ya jiko. Usimsahau."

"Nimemwona, Baba Esta."

"Na wa ndizi bokoboko mmoja. Mmoja tu, usijichoshe."

"Nitachukua wawili. Mmoja akifa njiani?"

Nyuma yao nyumba ilisimama bila paa. Mgambo walikuwa wameiezua mapema, ili pasiwe na mtu wa kusingizia kuchelewa. Kitanda kilikuwa wazi chini ya mbingu, na usiku uliopita wawili hao walilala na mwavuli umefunguliwa juu ya vichwa vyao. Ulikuwa mwaka wa njaa na mwaka wa operesheni ya kuhamisha watu. Kitongoji chao cha Kwemsumbi, walivyoambiwa, kilikuwa kimeng'ang'ania miteremko kama kupe, hakina zahanati, hakina shule, hakifikiki kwa gari. Wangehamishiwa kijiji kipya huko chini, upande wa Mombo, ambako ardhi ni tambarare na maendeleo yatawakuta. Lori lingeondoka Lushoto adhuhuri.

Kuhama Dorkasi alikwisha kukukubali, kama mtu anavyokubali msiba. Lakini migomba ile aliikuta imepandwa na mama mkwe wake, na mama mkwe aliikuta kwa mkwe wake mwenyewe. Miaka mahindi yalipokauka, ndiyo iliyowalisha. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amempa onyo: mmea wowote unaovuka kizuizi cha Mombo lazima uwe na kibali cha bwana mimea wa wilaya. Basi alifunga gunia, akajitwika, akateremka Lushoto. Jirani yao Rajabu, mkulima wa kabichi na viazi, alimshika mzee mkono njia nzima, na mgongoni akabeba kifurushi chake mwenyewe.

Bwana mimea aliitwa Hezekia. Alikuwa kijana wa kumzaa, amevaa suti ya Chunlai, ile wanayovaa viongozi, iliyopigwa pasi vizuri, na mezani kikombe cha chai kilikuwa kinatoa moshi. Dorkasi alisimama mlangoni akingoja shikamoo. Haikuja. Hatimaye akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, gunia katikati ya miguu.

"Nimekuja kuomba kibali, mwanangu. Vitoto vya migomba. Tunahamishwa leo."

"Unatoka kijiji gani?"

"Kwemsumbi."

Hezekia aligeukia ramani ukutani. Palipokuwa pameandikwa Kwemsumbi palikuwa pamepigwa mstari mwekundu.

"Kwemsumbi haipo, mama. Imefutwa."

"Mimi nimetoka huko asubuhi hii."

"Wewe umetoka. Kijiji hakipo. Siwezi kuandika kibali cha mahali ambapo hapapo."

"Basi andika hicho kijiji kipya."

"Hicho hakijaandikishwa." Alizungumza kwa subira, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Kikishaandikishwa, bwana shamba wa kule ataleta barua kwamba anakubali kupokea miche. Barua ikifika, mimi nitakwenda kulikagua shamba inakotoka, nione kama lina fukusi. Likiwa safi, unapata kibali."

"Shamba la wapi utakwenda kukagua?"

"La Kwemsumbi."

Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, na kitu kama aibu kikampitia, kikapotea. Akanywa chai.

Rajabu alikohoa kidogo. "Bwana mkubwa, sisi ni watu tunaoelewa. Hatuwezi kusaidiana?"

Kikombe kiligonga meza. "Kusaidiana vipi? Mnaniona mimi wa kununuliwa? Mzee, nitakuweka ndani sasa hivi."

Rajabu akaomba radhi mpaka mlangoni. Nje, chini ya mkaratusi, alitema mate. "Huyu ndiye mbaya kabisa, Mama Esta. Mla rushwa unajua umshike wapi. Huyu hana pa kushikwa."

"Tufanye nini?"

"Fukieni chini ya mikeka. Mzee akalie. Nani atamwinua mgonjwa?"

Ndivyo walivyofanya. Lori lilijaa watu, vitanda, kuku waliofungwa miguu, na kabati moja ambalo mwenyewe alilikumbatia kama mtu. Timotheo aliketishwa juu ya gunia, mgongo ukiegemea ubao wa kando. Lori lilipoanza kuteremka kona za Soni, kila mtu alijishika kwa jirani yake, na kina mama wakatapika kwa zamu. Kadiri walivyoshuka, ndivyo joto lilivyopanda kuwalaki. Dorkasi alikuwa ameitazama nchi ile maisha yake yote kutoka kwenye ukingo wa Irente: mistari ya mkonge, vumbi, reli kama uzi. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kumwagwa humo.

Mombo, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Pembeni, kibanda cha mabati, pipa, na kijana mmoja mwenye panga aliyevaa makobazi ya matairi. Watu walimwita Issa. Alipanda kwenye lori, akawa anachungulia huku na huku, akasimama mbele ya Timotheo.

"Mzee, inuka."

"Ni mgonjwa," Dorkasi alisema. Kisha akaongeza, "Shikamoo."

Mwanamke mwenye mvi alimwamkia kijana wa umri wa mwanawe, na kijana akaitika. "Marahaba, mama. Ainuke hata hivyo."

Wanaume wawili walimwinua mzee kwa makwapa. Gunia likaonekana.

"Kibali?"

"Nilikwenda ofisini. Walisema—"

"Nauliza kibali. Sikuulizi ulikokwenda."

Gunia lilishushwa. Issa alichuchumaa, akampasua mtoto wa kwanza katikati. Alikuwa mweupe pe, anatoa maji. Akapasua wa pili: mweupe. Wa tatu alikuwa mshare wa nyuma ya jiko, mzima kama yai. Dorkasi alianza kupata matumaini, na matumaini yale yalimtia hofu zaidi kuliko panga.

"Si unaona, baba? Ni wasafi."

Issa aliendelea kupasua. Lori lilikuwa limezimwa injini, na jua la Mombo lilikuwa juu ya vichwa. Watu walianza kunung'unika, kisha wakapaza sauti.

"Mama, waachie hayo mavitu! Watoto wanakufa huku!"

"Watu wazima kabisa, migomba tu!"

Hao walikuwa jirani zake. Miongoni mwao walikuwamo waliokula ndizi za shamba lile mwaka jana. Dorkasi alimtafuta Rajabu kwa macho. Rajabu alikuwa amekalia kifurushi chake, magoti pamoja, akitazama pembeni. Hapo ndipo alipoelewa kuwa ndani ya kifurushi kulikuwa na mbegu zake za viazi.

"Wape tu, Mama Esta," Rajabu alisema, bado anatazama pembeni. "Wape, tuondoke."

Karibu na chini ya gunia, kwenye bokoboko mmoja, Issa alikuta kijitundu cheusi. Akakifuata kwa ncha ya panga mpaka akamtoa funza mnene, mweupe, kichwa chekundu. Akamweka kiganjani, akamzungusha watu wote wamwone.

"Huyu hapa. Fukusi wa mgomba. Unajua huyu akifika kule chini atafanya nini? Huyu haruhusiwi kuvuka hapa bila kibali."

"Na sisi tumepewa kibali gani?"

Haikuwa kelele. Dorkasi aliuliza tu, kwa sababu lilikuwa swali. Issa alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ninyi? Watu hawahitaji kibali, mama. Watu ni operesheni."

Mgomba mbichi hauungui, hilo hata Issa alilijua. Sheria ilisema mwenye mali ateketeze mwenyewe, basi Dorkasi alipewa panga. Alikata vipande vidogo vidogo kama mtu anayekata chakula cha ng'ombe, mmoja baada ya mwingine: walio safi na yule mwenye funza, bila kubagua, kwa kuwa aliambiwa asibague. Maji ya migomba yalimrukia kwenye kanga yakaacha madoa yasiyofulika. Alipotua kupumua, Issa alisema, "Haya, mama, bado." Kisha wakamimina oili chafu juu ya rundo, wakawasha. Likatoa moshi mzito, mweusi, na sauti ya kuchemka. Halikuwaka sana. Liliiva.

"Tumemaliza?" dereva aliuliza.

"Bado. Mzigo umetoka kwenye maambukizi."

Issa alileta bomba la dawa. Alipuliza unga mweupe kwenye mikeka, kwenye majembe, kwenye nyayo za Dorkasi. Alipolifikia blanketi, Timotheo alikuwa amejifunika.

"Hilo lifunuliwe."

"Anaumwa kifua, baba. Nakuomba. Lipulize likiwa chini."

"Amekalia migomba njia nzima, mama. Yeye ndiye hasa."

Akapuliza. Alipuliza kwa uangalifu, kama alivyofundishwa, mabegani, kifuani, mikunjoni. Timotheo hakupigana. Alifumba macho na mdomo, na unga ukamtua kwenye nyusi na kwenye ndevu. Baadaye kikohozi kilipokuja, kilikuja kwa namna ambayo wale waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wote. Mtoto mmoja alianza kucheka kwa kumwona babu mweupe, mama yake akamziba mdomo.

Gogo likainuliwa. Kifurushi cha Rajabu kilipita bila kuguswa.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi. Mistari ya vigingi ilikwenda mpaka kwenye vichaka vya miiba, kila familia kigingi chake, na hapakuwa na kivuli isipokuwa cha turubai moja lililotundikwa kwa ajili ya mkutano. Katibu wa kijiji alikuwa akiwangoja, mtu mnene kiasi, mpole wa sauti. Kando yake yalikuwa yamepangwa magunia ya unga wa yanga, ule wa njano uliotoka nje, na mizani.

"Ndugu wananchi, karibuni. Mgao wa unga utafuata mara tu tukimaliza shughuli." Akawatazama mmoja mmoja. "Najua mmechoka. Lakini uhuru ni kazi. Halmashauri imepitisha sheria ndogo: kila kaya iwe na eka moja ya migomba kabla ya mwisho wa mvua za vuli. Ndizi ni kinga ya njaa. Asiyekuwa nayo atashtakiwa kwa uzembe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, sauti fupi kama kikohozi, akakoma.

Dorkasi alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Vitoto vya kupanda tutapata wapi, ndugu katibu?"

"Swali zuri. Mtaagiza kutoka milimani. Utaratibu upo. Mnaandika barua, mnapata kibali."

"Kutoka ofisi gani?"

"Lushoto." Katibu akatabasamu, akaridhika kwamba mkutano unakwenda vizuri. "Sasa, wale waliolielewa azimio, wapige makofi tulipitishe."

Makofi yakapigwa. Hayakuwa mengi, lakini yalipigwa. Rajabu alipiga, na yule mwenye kabati, na kina mama waliotapika, kila mmoja jicho kwenye magunia. Dorkasi alikuwa amepiga magoti vumbini, kichwa cha Timotheo kwenye paja lake, akimfuta unga puani kwa pembe ya kanga. Mzee alikuwa akivuta pumzi kwa vipande.

Katibu aliinua mkono, makofi yakakoma.

"Mama pale. Hukupiga."

"Nina mgonjwa, ndugu katibu."

"Tunamwona. Sote tuna wagonjwa. Lakini azimio halipiti kwa nusu ya watu. Simama, upige, tuendelee."

Jua lilikuwa limeinama upande wa mkonge, na nzi walikuwa wamemwona Timotheo. Mzee alifungua macho. Alitikisa kichwa, mara moja tu, kidogo sana, na vidole vyake vikakamata kanga ya mkewe.

Tangu jana usiku hakuna kitu kilichopita kinywani mwa mzee isipokuwa maji ya moto.

Dorkasi alivibandua vidole vile kimoja kimoja. Alikiteremsha kichwa cha mumewe taratibu mpaka ardhini, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kukilaza. Akasimama. Akapiga makofi.

"Kwa nguvu kidogo, mama, huku nyuma hawasikii."

Akapiga kwa nguvu.